Joto la ghafla na hedhi inayoyumba: namna ya kuzungumza na daktari kuhusu tiba ya homoni

Mama wa miaka 47 aliingia kliniki kwetu akiwa na khanga ya pili mkononi, na kabla hajakaa vizuri alishajifuta uso mara mbili. Alipoulizwa anasumbuliwa na nini, alijibu, "Presha." Presha yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kwenye mfuko wake wa rambo kulikuwa na karatasi za vipimo za mwaka mzima: alishatibiwa malaria mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja. Swali ambalo hakuwahi kuulizwa lilikuwa hili: "Mama, siku zako zinakujaje?" Akainamisha uso. Anakaa miezi miwili bila kuona, kisha zinakuja kwa fujo, na usiku anaamka shuka limelowa.

Wanawake wa aina yake tunawaona kila wiki. Wengi hawataji hedhi kwa sababu wanaona aibu, au kwa sababu waliambiwa nyumbani kwamba ni utu uzima, wavumilie.

Safari ya kuelekea ukomo wa hedhi huanza kwa wengi katika miaka ya arobaini, na huchukua miaka kadhaa. Ovari, viungo vinavyotoa mayai na homoni za uzazi, hazizimiki siku moja. Homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio, na ndiyo maana mwezi mmoja unajisikia mzima na unaofuata huna usingizi, moyo unaenda mbio na hasira ziko karibu. Ukomo wenyewe huhesabiwa ukishapitisha miezi 12 mfululizo bila hedhi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55. Kama umevuka 45 na una dalili hizi, kwa kawaida huhitaji kulipia kipimo cha homoni kwenye damu, maana leo kitasoma juu na wiki ijayo chini. Aliye chini ya miaka 40 hali yake ni tofauti, yeye lazima apimwe.

Na huko kuvumilia wanakoambiwa ni kwa muda gani? Utafiti wa SWAN wa Marekani, uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba nusu ya waliopata joto la ghafla, lile linalopanda mwilini na kukuacha na jasho, walikaa nalo zaidi ya miaka 7. Kwa Wamarekani Weusi ilizidi miaka 10. Siwezi kumwambia mtu asubiri miaka 10 wakati ipo tiba ya homoni, yaani dawa zinazorudishia mwili estrojeni inayopungua.

Kwa hiyo nunua daftari dogo. Andika tarehe hedhi ilipoanza na kuisha, pedi ngapi kwa siku, joto limekupanda mara ngapi, usiku umeamka mara ngapi. Andika pia lile gumu kulisema: ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Hilo lina dawa yake ya kupaka yenye estrojeni kidogo. Ukifika, usianze na "mwili wote unaniuma." Sema: "Daktari, nina miaka 47, hedhi imebadilika tangu Machi, usiku naamka mara tatu kwa jasho. Naomba tuangalie kama tiba ya homoni inanifaa."

Daktari naye asikimbilie kusema ni umri. Kwetu huku jasho la usiku linaweza kuwa kifua kikuu, hasa kukiwa na kikohozi cha wiki mbili au uzito unapungua. Upungufu wa damu, tezi la shingo, virusi vya UKIMWI na hata ujauzito huleta dalili zinazofanana. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au inayorudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, ichunguzwe kwanza, pamoja na mlango wa kizazi. Hapo homoni zisubiri.

Hofu kubwa ninayoisikia ni saratani, na ina chanzo chake. Julai 2002, Marekani, sehemu ya utafiti mkubwa ilisimamishwa kabla ya muda. Kati ya wanawake 10,000 waliotumia vidonge vya homoni mbili (estrojeni na nyingine ya aina ya projesteroni) kwa mwaka mmoja, takriban 38 walipata saratani ya titi. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 30. Hatari ipo, ni nyongeza ya wanawake 8. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Kwa anayeanza kabla ya 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na ugonjwa unaomzuia kuitumia, faida kwa kawaida huzidi madhara, na mifupa nayo hulindwa.

Mwambie daktari kama kizazi bado kipo. Ukiwa nacho, estrojeni peke yake hukuza utando wa ndani hadi kuweza kuleta saratani, kwa hiyo lazima iambatane na projesteroni, homoni ya pili inayoulinda utando huo. Uliza pia kuhusu gel au kibandiko cha ngozi, kwa sababu estrojeni ya kupita kwenye ngozi haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama ya vidonge. Havipatikani kila duka. Kabla hujaanza, hakikisha utaipata na mwezi ujao.

Usifiche dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya homoni. Taja mitishamba, taja fibroidi (uvimbe kwenye kizazi), kwa kuwa estrojeni inaweza kuzikuza. Aliyewahi kuugua saratani ya titi, kiharusi, mshtuko wa moyo, damu kuganda miguuni au mapafuni, au mwenye ugonjwa mkali wa ini, aseme mapema. Zipo dawa za joto la ghafla zisizo za homoni.

Jambo moja linawashtua wengi: tiba hii haizuii mimba, na hedhi kuyumba si kufunga uzazi. Tumepokea mama aliyedhani ni ukomo, kumbe ni mziwanda. Endelea na uzazi wa mpango mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kama umevuka 50, miaka miwili kama hujafika. Kitanzi chenye homoni kinaweza kufanya kazi zote mbili, kuzuia mimba na kulinda kizazi. Ukiwa kwenye sindano ya miezi mitatu, kukosa hedhi hakukuambii chochote kuhusu ukomo.

Ukianzishiwa dawa, rudi baada ya miezi mitatu na daftari lako, presha ipimwe na dozi iangaliwe. Matone ya damu miezi ya mwanzo ni ya kawaida. Yakivuka miezi sita, au damu ikizidi, usisubiri tarehe ya kadi.