Mswaki wa usiku ni kazi ya mzazi

Wazazi wengi wanaoleta watoto kliniki kwangu hapa Dar es Salaam huuliza swali moja: "Daktari, huyu kila asubuhi anapiga mswaki mwenyewe, sasa meno yanatoboka kwa nini?" Yanatoboka kwa sababu anapiga mwenyewe, tena asubuhi tu.

Mtoto aliye chini ya miaka 7 au 8 bado hana wepesi wa mkono wa kusafisha kinywa kizima. Atasugua meno ya mbele, atameza dawa kwa kuwa ni tamu, kisha atakwambia tayari. Magego yenye mikunjo yanabaki na andazi lake vilevile. Mwache aanze yeye, azoee na ajisikie mkubwa, halafu wewe urudie. Huko kurudia ndiko kunakosafisha.

Usiku una uzito wake. Bakteria wanaoishi kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha madini ya jino. Mchana mate huipunguza nguvu asidi hiyo na kurudishia jino sehemu ya madini yake. Mtoto akilala mate hupungua sana, kwa hiyo sukari iliyobaki mdomoni inafanya kazi hadi alfajiri. Ndiyo maana anayelala na chupa ya maziwa au juisi huanza kuoza meno ya mbele ya juu. Ya chini mara nyingi hupona, kwa sababu ulimi huyafunika na tezi za mate ziko jirani.

Najua maisha ya mji huu. Mzazi anayetoka Chanika au Kibamba kwenda kazini Posta anaondoka saa 11 alfajiri, anayemwandaa mtoto ni dada, na gari la shule linapiga honi getini. Basi asubuhi iwe ya dada, lakini mkalishe umwonyeshe kwa vitendo, maana kumwagiza tu hakutoshi. Usiku uwe wako. Na siku foleni ikikukamata, wasikusubiri: mtoto aswakishwe mara tu baada ya chakula cha usiku, kabla hajasinzia kwenye kochi. Baada ya hapo ni maji matupu.

Namna ya kumswakisha: kaa kitandani, alaze kichwa mapajani pako. Nyanyua mdomo wa juu kwa kidole, peleka mswaki pale jino linapokutana na ufizi, zungusha taratibu. Dakika 2 zinatosha. Ukiona mstari mweupe usio na mng'ao kandokando ya ufizi, hapo ndipo kuoza kunapoanzia, na bado kunaweza kuzuilika. Mlete wakati huo, usingoje alie usiku kwa maumivu.

Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha jino. Kwenye boksi tafuta 1000 ppm au zaidi, ndicho kipimo cha floraidi iliyomo. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia 3 hadi 6 kiasi cha njegere. Kisha ateme tu. Tumezoea kuwapa watoto kopo zima la maji wasukutue, na floraidi yote inaishia kwenye beseni. Wazazi waliokulia Arusha au Kilimanjaro huiogopa kwa sababu ya meno ya kahawia wanayoyajua. Rangi ile hutokana na kunywa kwa miaka maji ya asili yenye floraidi nyingi wakati meno yanajiumba. Punje ya mchele ya dawa haimfikishi huko.

Ubuyu na lambalamba sitawakataza. Ale kwa mara moja, ikiwezekana baada ya chakula, kuliko kumung'unya kidogokidogo mchana kutwa, maana kila akigusa sukari asidi inaanza upya.

Jino ninalolihangaikia kuliko yote ni gego la miaka 6. Huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mzazi hulidhania la utoto na kusema litang'oka tu. Halitang'oka, hilo ni la kudumu. Washa tochi ya simu, hesabu kutoka katikati ya mdomo kwenda nyuma: meno ya utoto ni 5 kila upande, la 6 ndilo lenyewe. Linapochomoza huwa fupi kuliko jirani zake, na mswaki ukipita kwa urefu unaliruka. Uingize kwa pembeni, kupitia shavuni, ulisugue lenyewe. Likishachomoza vizuri, mwombe daktari wa meno aizibe mikunjo yake kabla halijatoboka. Kazi hiyo haina sindano wala kuchimba jino.