Mpingo wenye weupe, na picha ya kitako

Juzi tena. Nimeweka kwenye tovuti ya kibanda chetu picha ya kinyago cha ujamaa, watu kumi na mmoja wamebebana, na kabla chai haijapoa mtu kashaandika: "Fundi, huu si mpingo. Mbona ubavuni una weupe?" Wa nne mwezi huu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Mpingo haukui mweusi wote. Cheusi ni kiini. Kati ya kiini na ganda kuna mti mweupe unaoelekea manjano, na mchongaji ndiye anayeamua auondoe wote kwa tezo au auache. Mimi nikiukuta mzima, haujaliwa na wadudu, huuacha. Gogo ni ghali, na weupe ule ukiangukia kilemba cha mama au mvi za mzee, hakuna rangi ya dukani itakayoufikia. Hata kiini chenyewe si masizi. Kimetoka tu kwenye msasa utaona kahawia, zambarau kwa mbali, na michirizi. Kinyago cheusi sawasawa toka utosini hadi kitakoni ndicho cha kukitilia shaka. Mara nyingi ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu.

Sasa simu, ndiyo inayonigombanisha na wateja. Simu haijui mpingo. Inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani wake. Tandika shuka jeupe nyuma ya kinyago, itapunguza mwanga, na kinyago chako cha shetani kitabaki kivuli kisicho na macho wala ulimi. Tandika kitambaa cheusi, itaongeza mwanga, mpingo ugeuke majivu, halafu niulizwe kwa nini umepauka. Ndiyo maana utaona gunia la katani kwenye picha zangu zote. Si umaskini, rangi yake iko katikati. Nagusa kifua cha kinyago kwenye kioo, nashusha mwanga kwa kidole. Kidogo tu!

Kisha nakipeleka mlangoni, saa tatu asubuhi, mwanga ukipigie ubavuni. Njia ya patasi huonekana kwa kivuli chake. Flashi inakuja uso kwa uso, inafuta kila mfereji niliouhangaikia siku tatu, na kuacha doa jeupe tumboni. Upande wa pili nasimamisha manila nyeupe ili giza lisizidi. Nta napaka baada ya picha, maana mng'aro nao hudanganya. Wenzangu wawili hapa kibandani hawakubaliani nami, na wao wanauza.

Mengine mnayajua: punguza uzito wa faili, watu wananunua bando, andika urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo.

Picha ninayoipigania ni ya kitako. Nakilaza kinyago kabla hakijaguswa na nta, napiga pale msumeno ulipopita. Hapo kiini na weupe vinaonekana vimekaa pamoja, na mpaka wake kauchora mti mwenyewe. Kijana anayetushughulikia tovuti aliona ni picha mbaya kuliko zote, akaificha mwisho kabisa. Nimeirudisha, sasa ni ya pili.

Na niseme kweli: hata mimi kiwi naitumia. Siufichi mti, nasawazisha pale msasa ulipoacha mpauko. Kusawazisha kunaishia wapi na kudanganya kunaanzia wapi? Jibu langu hubadilika kodi ya kibanda inapokaribia. Wala picha ya kitako haimalizi ubishi. Mpingo huzama majini, lakini picha haizamishwi, na ipo miti mingine inayozama vilevile. Asiyeridhika aje kibandani Mwenge, Dar es Salaam, akishike kwa mkono wake.

Yule wa juzi nilimtumia kitako. Akakaa kimya nusu saa, kisha akaandika: "Sawa fundi, nimeamini. Sasa huo weupe huwezi kuupaka kiwi?"