"Gull" wa Emilia si shakwe

Juzi nilipewa rasimu ya tafsiri ya onyesho la mwisho la Othello, tamthilia ya Shakespeare, kazi ya mwalimu ambaye Kiswahili chake nakiheshimu, nikamkuta Emilia akimkemea jemadari Othello kwa kumwita "Ewe shakwe!", mahali pa "gull" ya Kiingereza, neno ambalo pia ni jina la ndege huyo. Ni mara ya tatu sasa nakutana na shakwe huyo. Mara mbili za mwanzo alikuwa katika maelezo ya darasani, ambamo wanafunzi waliambiwa kwamba Waingereza wa kale walimfananisha mjinga na ndege wa baharini anayekimbilia chochote kinachotupwa na wavuvi. Maelezo hayo yananoga, hasa kwa aliyewahi kuwatazama shakwe wakiifuata ngalawa inayorudi, lakini si ya kweli.

Katika misimu, yaani lugha ya mitaani, ya London ya mwishoni mwa karne ya 16, "gull" ni mtu anayedanganyika upesi. Maana yake ni hiyo tu. Kazi iko kwenye asili yake.

Jina la shakwe liliingia katika Kiingereza kutoka lugha za Kikelti, na watu wa Wales hadi leo humwita gwylan. Kando yake palikuwa na neno jingine lenye sura ileile, lililomaanisha kinda, yaani ndege ambaye bado hajaota manyoya, ambalo baadhi ya wataalamu hulihusisha na neno la Kiskandinavia la rangi ya manjano, kwa sababu ya malaika ya kinda. Shakespeare alilijua neno hili vizuri. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, "gull" ni mtoto wa yule ndege anayetaga katika viota vya wengine, ambaye hukua akimwonea shomoro aliyemlisha. Na sijapata kusikia shakwe aliyelelewa na shomoro. Katika Timon of Athens, seneta mmoja anatabiri kwamba siku ambayo kila unyoya utarudi kwenye bawa la mwenyewe, Timon, anayeng'aa sasa kama Phoenix, ndege wa hadithi za kale, atabaki "gull" aliye uchi. Hapo maana mbili zimekaa katika neno moja: kinda lisilo na manyoya, na bwana aliyenyonyolewa na wale aliodhani ni marafiki.

Wako wataalamu wanaoshika njia nyingine, ya kitenzi cha kale kilichomaanisha kumeza, chenye undugu na neno la Kifaransa la koo. Aliyedanganywa, kwa njia hiyo, ni aliyemeza chambo. Mimi naegemea upande wa kinda, kwa sababu ya Timon, lakini sitagombana na wa upande wa koo. Kwa vyovyote vile, shakwe hayumo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wanaomwondoa shakwe huweka "mjinga" mahali pake na kudhani wamemaliza. Mtu anaweza kuwa mjinga akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, lakini hawezi kuwa "gull" mpaka awepo tapeli wa kumfanya hivyo. Misimu ya wakati ule ilijaa majina ya watu wa namna hii, kwa kuwa London ilikuwa imejaa waliowawinda. Mwaka 1591 mwandishi Robert Greene alichapisha vijitabu vya kufichua mbinu za matapeli wa karata, na humo mtu anayeliwa fedha zake huitwa sungura. Sisi tuliokuzwa na hadithi ambamo sungura ndiye anayemwingiza fisi mkenge inabidi tuisome sentensi hiyo mara mbili.

Sasa tumrudie Emilia. Ametoka kusikia kwamba aliyempelekea Othello uongo juu ya mkewe Desdemona ni Iago, mume wake yeye mwenyewe, naye anatamka maneno mawili mfululizo: "gull", kisha "dolt". La pili ndilo linalomtaja mtu mzito wa akili. Ukitafsiri yote mawili kwa ujinga, Emilia atakuwa amerudia tusi lilelile, ilhali neno lake la kwanza linamgusa na mtu wa tatu: linasema kwamba Othello, jemadari aliyeaminiwa na Venice nzima, amechezewa, na aliyemchezea anajulikana.

Kwa hiyo nimemwandikia mwalimu kwamba "Umeghilibiwa!" lingefaa zaidi mahali pa shakwe wake, ingawa nakiri kwamba silabi zake ni nyingi kwa mwigizaji anayepaza sauti, na kwamba akipata neno fupi kutoka mzizi wa kughilibu au kulaghai nitafurahi kulitumia. Pale kwenye "dolt" alikuwa ameandika "bozi". Hilo sikuligusa.