Viza ya biashara si ya kufundishia: kwa walimu wanaoitwa China

Shule za China hufungua mwaka Septemba, na kila mwezi huo unapokaribia foleni ya kuthibitisha vyeti dirishani kwetu hurefuka. Malalamiko nayo yameongezeka. Tangazo ni lile lile: mwalimu wa Kiingereza, darasa la mwisho la sekondari, nyumba bure, nauli inarudishwa.

Hilo darasa la mwisho ndilo chambo. Wanafunzi wake wanajiandaa kwa gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu unaoanza tarehe 7 Juni, na katika majimbo mengi Kiingereza kina alama 150 kati ya 750. Mwaka mzima ni kurudia maswali. Mwalimu mgeni kwa kawaida huletwa kwa ajili ya mazungumzo, na ratiba ikibana hicho ndicho kipindi cha kupunguzwa. Shule inayotaka kumkabidhi darasa hilo mtu asiyeujua mtihani wenyewe, iulizie mara mbili.

Kazi China hufanywa kwa viza ya herufi Z. Kwanza mwajiri akuombee taarifa ya kibali cha kazi. Ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Shahada na hati ya polisi hupita Wizara ya Mambo ya Nje, ndipo ziende ubalozi wa China. Mfuatano haugeuzwi. Anayeanzia ubalozini hurudishwa.

Viza ya herufi M ni ya biashara. Kijana mmoja alituletea pasi yenye M na mkataba wa kufundisha saa 20 kwa wiki. Nikamwuliza anakwenda kuuza nini. Alidhani natania.

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika 1 Julai 2013, kifungu cha 80, inamtoza anayefanya kazi bila kibali yuan 5,000 hadi 20,000; kosa likiwa zito, anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15 pamoja na faini hiyo. Mwajiri hutozwa yuan 10,000 kwa kila mtu, jumla isizidi 100,000. Anayerudishwa kwao kwa nguvu huzuiwa kuingia tena kwa mwaka 1 hadi 5. Hata aliyekutafutia kazi ana faini yake, ila yeye yuko Kariakoo na simu kazima.

Halafu hili, tafadhali: "Sisi tumesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza." Sawa. Vigezo vya China haviulizi umesoma kwa lugha gani. Kimsingi vinataka mwalimu wa lugha atoke nchi ambako lugha hiyo ni lugha mama, na awe na shahada. Kubishana nasi dirishani hakuvibadilishi. Mwalimu wa hisabati au fizikia huombewa kwa vigezo vingine, na wenye vyeti hivyo tungependa waulize zaidi kuliko wanavyouliza sasa.

Kabla ya kumlipa wakala chochote, mwombe nakala ya taarifa ya kibali cha kazi yenye jina lako na la shule. Akikwambia utaikuta huko huko, usikate tiketi.