Je, wajua kwa nini Paul McCartney aliwapeleka wenzake mahakamani?

Zamani, ukiniuliza nani aliwavunja Beatles, nisingekupotezea muda: Yoko Ono, mke wa John Lennon wa kundi hilo. Nililisema hilo barazani, nililisema kwenye daladala, na siku moja nililisema kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake, mpiga besi mstaafu wa bendi ya dansi, aliniuliza swali moja tu: "Hela walikuwa wanagawanaje?" Sikuwa na jibu. Nilinyolewa upande wa pili kimya.

Kwa ufupi kwa asiyewajua: wanamuziki vijana wanne wa Liverpool, Uingereza, John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, walitikisa dunia kuanzia 1963, wakaacha maonyesho ya jukwaani Agosti 1966, na kufikia Aprili 1970 magazeti yakatangaza kwamba wamekwisha.

Sasa tumalizane na Yoko, maana deni hili nimelibeba muda mrefu. Ni kweli John alikutana na msanii huyu wa Kijapani London mwaka 1966, na kuanzia 1968 akawa anaingia naye studio, mahali ambapo wake na wachumba hawakuzoeleka kukaa. Ni kweli pia wenzake walikereka. Lakini kukereka ni jambo moja, kuvunjika ni jingine. Meneja wao, Brian Epstein, alifariki Agosti 1967 akiwa na miaka 32, na tangu hapo hakukuwa na mtu ambaye wote wanne walimsikiliza. Wakafungua kampuni ya Apple, na duka la nguo la Baker Street lililopata hasara mpaka likafungwa mwaka 1968 kwa kuwagawia watu bidhaa bure. Agosti mwaka huohuo Ringo aliondoka. Alivyoeleza mwenyewe, alihisi hapigi vizuri na kwamba wale watatu wameshikana yeye yuko nje. Aliporudi baada ya wiki mbili hivi alikuta ngoma zake zimepambwa maua. Januari 1969 ikawa zamu ya George: akaweka gitaa chini, akaenda zake, akarudi baada ya siku kadhaa za vikao.

Wako wanaosema siku ile George alichoshwa na Yoko kumsemea John vikaoni. Inawezekana. Ila kamera za filamu zilikuwa zinazunguka mwezi mzima, na picha hizo zilipotolewa upya mwaka 2021, wengi wetu tulioapa juu ya Yoko tulimwona mtu amekaa kimya anasoma gazeti. Humo humo Paul anatania kwamba baada ya miaka 50 watu watasema Beatles walivunjika kwa sababu Yoko alikalia amplifaya. Alikosea kidogo tu: hatukungoja hata miaka miwili.

Basi turudi kwa swali la mzee.

Aprili 1967 wanne hawa walitia sahihi mkataba wa ubia wa miaka 10 ulioitwa Beatles & Co. Sababu kubwa ilikuwa kodi. Uingereza ya wakati ule ilikuwa ikikata zaidi ya asilimia 90 ya kipato cha ngazi ya juu kabisa, hivyo wahasibu waliona nafuu kukigeuza kipato cha watu wanne kuwa mali ya kampuni. Kila walichoingiza, kiwe cha kundi au cha mmoja mmoja, kingeingia kwenye mfuko huo, isipokuwa malipo ya utunzi wa nyimbo.

Chukua ndugu wanne wenye ngalawa moja. Wamekubaliana kila samaki atakayevuliwa anaingia tenga moja, na jioni wanagawana sawa. Maadamu wanavua pamoja, mpango huu hauna kasoro. Hakuna anayejua samaki gani kaingia kwa mkono wa nani, wala haina haja kujua. Siku zikaenda, kila mmoja akanunua mtumbwi wake. Sasa Ringo akitoka usiku peke yake akarudi na changu wawili, wanaingia tengani. Paul akirudi na jodari, naye anaingia tengani. Ndivyo ilivyokuwa kwa santuri ya kwanza ya Paul peke yake, ya Aprili 1970: kwa mujibu wa mkataba, mapato yake yalikuwa ya wote. Hapo hata ndugu wa tumbo moja huanza kuhesabu magamba.

Na tenga lilikuwa na tundu. Malipo ya utunzi, yaani mirabaha, hayakuingia humo. Yalienda kwa aliyeandika wimbo. Nyimbo nyingi ziliandikwa Lennon na McCartney, kwa hiyo wawili kati ya wanne walikuwa na mfuko wa pili nyumbani. Santuri moja hubeba nyimbo 12 au 14, na kila wimbo humlipa mtunzi wake hata kama umewekwa kujaza nafasi. Kwa hesabu hiyo, nafasi kwenye santuri ni kama kiwanja sokoni. George kwa kawaida aligawiwa kiwanja kimoja au viwili. Nyimbo alizokuwa amezilimbikiza zilizagaa kiasi kwamba Novemba 1970, miezi michache tu baada ya kundi kufa, alitoa albamu ya santuri tatu kwa mkupuo.

Bado likabaki swali la nani ashike ufunguo wa ghala, yaani nani awasimamie kama meneja. John alimpenda Allen Klein, mtu wa New York mwenye sifa ya kuyabana makampuni ya santuri mpaka yateme, na George na Ringo wakamfuata. Paul alimtaka wakili Lee Eastman. Eastman ni baba wa Linda, na Linda ndiye ambaye Paul alimuoa Machi 1969. Wenzake waligoma, na kusema haki sikuwalaumu niliposoma: nani anakubali mkwe wa mchezaji mmoja awe refa? Mei 1969 watatu wakasaini na Klein bila Paul. Tenga ni la wanne, ufunguo umeshikwa na mtu wa watatu.

Hapa ndipo penye kioja. Paul alitaka kumshtaki Klein, akaambiwa haiwezekani, kwa kuwa hakuwa na mkataba naye wa kuuvunja. Kilichomfunga ni ubia, na ubia alifungana na marafiki zake. Ili aachane na mtu asiyemtaka, ilimbidi awashtaki watu aliokua nao. Kesi ilifunguliwa London tarehe 31 Desemba 1970, na Machi 1971 jaji akamteua msimamizi wa kushikilia fedha. Wale watatu nao waliachana na Klein mwaka 1973 na kuishia kushtakiana naye.

Tahadhari moja, nisije nikamvua Yoko kosa nikamvika mhasibu. Karatasi hazikumuondoa John. Septemba 1969 alishawaambia wenzake anaondoka, wakakubaliana kunyamaza kwa sababu mkataba mpya wa santuri ulikuwa mezani. Paul alilirudia hilo hadharani mwaka 2021: aliyeanza ni John. Ni maneno ya mtu aliyelaumiwa kwa miaka 50, kwa hiyo yachukue kwa kipimo, ingawa hata John aliwahi kusema yeye ndiye aliyelianzisha kundi na yeye ndiye aliyelivunja.

Je, kugawana kila kitu sawa kungewaokoa? Queen, kundi la Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, walichoka kubishania mirabaha, na kuanzia albamu yao ya 1989 nyimbo zikaandikwa kwa jina la kundi zima. Walikaa pamoja mpaka Freddie alipofariki mwaka 1991. Hiyo si hoja ya kutosha. R.E.M., bendi ya Marekani, waligawana sawa tangu mwanzo na bado waliagana mwaka 2011, kwa amani.

Kuhusu Beatles, karatasi za mwisho zilipangwa kusainiwa Desemba 1974 katika hoteli ya Plaza, New York. Paul na George walifika, Ringo alikuwa ameshasaini. John, aliyekaa mwendo wa miguu tu kutoka hapo, hakutokea. Alisaini tarehe 29 Desemba huko Florida, katika hoteli ya Polynesian ndani ya Walt Disney World, alikokwenda likizo na mwanawe Julian, huku May Pang, mpenzi wake wa wakati huo, akimpiga picha. Mahakama ikahitimisha ubia Januari 1975. Wangetulia, mkataba ungejifia wenyewe Aprili 1977.