L si ya kushoto, jamani

Jana usiku simu ikalia tena. Picha sita za Fender Jazz Bass, gitaa la besi, ya mkono wa kushoto, dalali anasema ni ya 1964, na ujumbe chini: "Fundi, namba inaanza na L. Si ndiyo L ya left? Basi ni orijino." Huyu ni mteja wa tatu mwaka huu.

L haihusiani na mkono wa mtu. Kuanzia mwishoni mwa 1962 hadi 1965, kiwanda cha Fender cha Fullerton, California, kilikuwa kinagonga herufi hiyo mbele ya namba, kwenye bamba la nyuma shingo inapofungwa, ya kulia kwa ya kushoto. Baadaye ikaja F kubwa, na bado sijapata mteja wa kuniambia kwamba hiyo ni ya "fundi".

Halafu bamba lenyewe ni nini? Kipande cha chuma na skrubu nne. Ukiwa na bisibisi, dakika tano limeshahamia gitaa jingine. Hata pale kiwandani mabamba hayakufungwa kwa kufuata namba.

Poti, yaani vile vifaa vya ndani vya kupandisha na kushusha sauti, nizimalize haraka. Kwenye picha ya nne inasomeka 1376633: 137 ni CTS, kampuni iliyozitengeneza, 66 ni mwaka, 33 ni wiki. Besi ya 1964 yenye poti ya 1966? Huenda fundi alibadilisha, huenda dalali kapendezewa tu na 64. Na usiseme basi ni ya 1966, maana poti za mwaka huo Fender ilizinunua kwa wingi ikazitumia miaka kadhaa.

Sasa hili la "za kushoto hazighushiwi kwa sababu ni adimu". Ndugu yangu, ni adimu, ndiyo maana bei imepanda, ndiyo maana zinaghushiwa! Wengine wanadhani unachukua ya kulia unaipindua, kazi imekwisha. Jaribu uone. Ukilaza mwili wa Jazz kifudifudi, umbo la nje linakuwa la kushoto kweli, lakini ule mbonyeo wa tumbo unakuja mbele, mteremko wa kuegemeza mkono unakwenda nyuma, na mashimo ya pikapu, zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, yanatazama tumbo lako. Utaziba, utachimba upya, utapaka rangi nzito kuficha viraka. Mghushi mwenye akili hahangaiki hivyo: anachonga mwili mpya kwa mbao ya alder, kisha anaufungia vyuma vya zamani. Kwa hiyo mimi sianzi na vyuma. Nafungua shingo, natazama lile shimo inapokaa, rangi ilivyoingia kwenye kona, alama za mashine. Shingo nayo naikagua pembeni: yale madoa madogo ya kumwonyesha mpigaji pa kuweka vidole yanapaswa kuwa upande unaomtazama mpigaji wa kushoto. Nikikuta upande wa pili kuna vitundu vilivyozibwa, najua hiyo imezaliwa ya kulia.

Lakini nami nisijifanye nabii. Miaka iliyopita nililetewa moja ambayo tarehe ya kisigino cha shingo, ule mwisho unaoingia kwenye mwili, ilitangulia poti kwa zaidi ya mwaka. Lehemu haikuguswa, rangi safi, madoa mahali pake. Nikaandika "halisi". Nilijiambia kwamba za kushoto zilitengenezwa chache, shingo ingeweza kukaa rafuni ikisubiri mwili wake. Naliamini hilo mchana. Usiku ukiniuliza, nitakwambia pengine niliipenda mno ile besi.

Huyu wa jana nimemwomba kitu kimoja: alegeze skrubu nne, atoe shingo, apige picha kisigino na shimo lake. Asubuhi amejibu. Dalali amekataa, eti ikifunguliwa itapoteza thamani.