Mgomba haufi kwa sababu tu majani yameungua kwa jalidi

Watu wengi huamini kwamba mgomba ni mmea wa joto tupu, na kwamba usiku mmoja wa jalidi unatosha kuuua. Ni kweli majani huwa meusi na kulegea halijoto ikishuka chini ya sifuri. Kosa ni kudhani kwamba tunachokiona juu ndicho mgomba wenyewe.

Kile tunachokiita shina ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana, basi. Shina la kweli ni tunguu lililo chini ya udongo, na tunguu likiwa salama, mmea huchipua upya majira ya kuchipua. Aina inayosifika kwa hili ni Musa basjoo, yenye asili ya kusini mwa China. Tunguu lake, likifunikwa vizuri, huhimili hata nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kwa hiyo, majani yakishaungua, kata gogo (lile shina la majani lililo juu), kisha funika mahali lilipo tunguu kwa matandazo makavu: majani makavu au nyasi, rundo nene, si kiganja kimoja. Udongo usituamishe maji. Kwa maoni yangu, maji yanayoozesha tunguu huua migomba mingi kuliko baridi yenyewe.

Ila ndizi za kula usizitarajie. Matunda ya aina hii ni madogo na yamejaa mbegu. Mkungu ukitokea, utazame tu.